Mhunzi wa Usambiro

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 31:1–6, Matendo 18:1–4, Wakolosai 3:22–24, 1 Petro 4:12–16.

Mto Simiyu hukusanya maji ya mbuga za pande za Bariadi na Maswa na kuyamwaga katika Ziwa Victoria, huko Magu. Mwaka 1875 msafiri Henry Stanley alipiga kambi karibu na mlango wa mto huo, katika kijiji cha Wasukuma kiitwacho Kageye, akaingiza mashua yake majini na kulizunguka ziwa. Alipofika Buganda alizungumza na Mfalme Mutesa habari za Biblia, kisha akaandika barua iliyochapishwa katika gazeti moja la London mwezi Novemba mwaka huohuo. Aliomba watu wapelekwe Buganda. Hakuomba wahubiri wa maneno peke yake, bali watu wanaoweza kujenga, kulima, kutibu wagonjwa na kushika nyundo, na ambao maisha yao ya kila siku yangeonyesha Injili ni kitu gani.

Mmoja wa walioitikia alikuwa kijana wa Uskoti mwenye umri wa miaka 26, Alexander Mackay. Alikuwa Mprotestanti wa Kanisa Huru la Uskoti, akatumwa na chama cha Kianglikana cha CMS. Hakuwa Mwadventista, na Jumapili aliishika kama alivyofundishwa na baba yake. Nuru ya Sabato ilikuwa bado haijafika pande hizi, kwa maana wamisionari wetu wa kwanza waliingia Upare mwaka 1903, na wakafungua vituo kando ya Ziwa miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini mtu huyu alifia kusini mwa Ziwa hilihili, na mambo aliyoyafanya kwa mikono yake yanatuhusu sisi ambao siku sita za juma tunashika jembe, plau, cherehani au chaki, na siku ya saba tunakaa katika darasa la Shule ya Sabato.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, mkoa wa Aberdeen. Baba yake alikuwa mchungaji na msomi, akamfundisha mwanawe nyumbani mpaka alipofikia miaka 14, akitumaini kwamba naye atakuwa mchungaji. Kijana alisoma vitabu vyote aliyopewa, lakini miguu yake ilimpeleka kwa mhunzi wa kijiji, kwenye kinu cha kusaga, na kwa seremala. Inasimuliwa kwamba alitembea maili nyingi kwenda na kurudi kituo cha reli, ili tu aitazame injini ya treni kwa dakika chache ilizosimama pale. Wazazi wengi huona tabia kama hiyo kuwa ni utundu au kupoteza muda.

Mama yake alifariki mwaka 1865, akamwachia Biblia yake mwenyewe na kumsihi aichunguze. Tangu hapo Mackay hakuiacha Biblia, wala injini hakuziacha. Alisomea ualimu na uhandisi Edinburgh, akafanya kazi katika viwanda vya bandari ya Leith, kisha mwaka 1873 akaenda Ujerumani. Huko Berlin alipanda cheo hata akasimamia idara ya injini za treni. Njia ya mshahara mzuri ilikuwa wazi mbele yake. Lakini dada yake alikuwa amemwandikia habari za uhitaji wa Madagaska, na tangu hapo wazo halikumtoka: kwa nini mhandisi asiwe mmisionari kwa uhandisi wake? Nafasi ya Madagaska haikupatikana. Tarehe 12 Desemba 1875 aliwaandikia CMS akijitoa kwenda Buganda.

Hapa darasa lisimame kidogo katika Kutoka 31. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema kwa jina lake kwamba alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi fulani hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa Bezaleli, fundi wa dhahabu, shaba na mbao. Katika makanisa yetu tunapochagua viongozi mwisho wa mwaka, ni mara ngapi tunamwangalia fundi na kuona ndani yake kipawa cha Roho? Mara nyingi tunamkumbuka pale paa la kanisa linapovuja.

Watu wanane walisafiri mwaka 1876, na Mackay alikuwa mdogo kuliko wote. Katika kuagana na wakuu wa chama hicho aliwaonya mapema kwamba haiwezekani wote wanane wawe hai baada ya miezi sita, na akawaomba wasikate tamaa habari ya kifo itakapowafikia, bali wapeleke mwingine mahali pa aliyeanguka. Maneno hayo yalionekana magumu, lakini yalitimia. Mmoja alifariki Zanzibar mwaka huohuo. Daktari wa kundi, John Smith, alifia Kageye mwaka 1877. Desemba mwaka huo viongozi wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi ambao haukuwa wao, kati ya Mfalme Lukonge na mfanyabiashara aliyekimbilia kwao. Wengine walirudishwa kwao na ugonjwa. Mackay mwenyewe aliugua njiani akarudishwa pwani. Badala ya kukaa bure akisubiri nguvu zirudi, alikusanya watu wenye mashoka na majembe, akafyeka barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, yapata kilomita 370. Maksai walioletwa kukokota mizigo walikufa kwa mbung'o, lakini barabara ilibaki.

Juni 1878 alifika Kageye. Vifaa vilivyoletwa kwa vichwa vya wapagazi kutoka pwani vilikuwa vimetupwa ovyo ndani ya kibanda: vyuma vya injini, misumari, vitabu, matbaa ndogo ya kuchapia, vyote vimechanganyika na vingine vimeota kutu. Mashua yao, Daisy, ilikuwa imelala ufukoni, mbao zake zimeliwa na mchwa na kupasuliwa na jua. Mtu mwingine angeandika barua ya malalamiko. Mackay alikaa chini akaanza kuchambua kipande kwa kipande. Alipoona vyuma vya injini vinakutana tena, na karibu hakuna kilichopotea, alifurahi kama mtoto. Wasukuma wa Kageye walikuja makundi kwa makundi kutazama gurudumu likizunguka na chuma kikikatwa. Wengine walisema watu hawa wameshuka mbinguni. Aliwajibu kwamba hata babu zake zamani hawakujua kazi hizi, na kwamba Mungu ndiye aliyewapa wanadamu wote akili ya kujifunza. Jibu hilo ni la kuzingatia, maana angeweza kunyamaza na kuzipokea sifa.

Jambo lililobaki lilikuwa zito zaidi. Lukonge, ambaye watu wake waliwaua wenzake, alikuwa ng'ambo tu ya maji. Watu wa Kageye walimsihi Mackay asiende. Alivuka bila silaha, akakaa Ukerewe siku kadhaa, akasikiliza upande wa mfalme, akala naye chakula, na amani ikapatikana. Hakwenda kudai fidia. Katika makanisa yetu kuna washiriki waliokaa miaka mingi bila kuvuka hata ua wa jirani, kwa neno lililosemwa msibani au kwenye kikao cha baraza.

Agosti 1878 Mackay na mwenzake Wilson walitweka tanga kuelekea Buganda. Dhoruba iliitupa Daisy kwenye ufuko wa magharibi na kuivunja. Walikata sehemu ya katikati ya mashua, wakatumia mbao zake kuziba sehemu za mbele na nyuma, wakaziunganisha. Kazi hiyo ilichukua majuma mengi. Mwezi Novemba walifika Rubaga kwa mashua iliyokuwa fupi kuliko ilivyotengenezwa.

Katika Buganda alianza na Kiswahili, kwa sababu wakuu wa ikulu walikielewa, na alikuwa na sehemu za Maandiko zilizotafsiriwa Zanzibar na Askofu Steere. Alimsomea Mutesa ikulu. Vijana wa ikulu walikuja nyumbani kwake kujifunza kusoma. Herufi hazikutosha, naye alichonga herufi za mbao kwa kisu, akachapa kurasa za kwanza za kusomea kwa Kiganda. Waliozipata walizikariri. Mchana alikuwa kiwandani akiwa amevua koti, mivukuto ikivuma, vijana wakimzunguka, na mara nyingi somo la Injili lilitolewa hapohapo kwenye fuawe, katikati ya kazi. Alichimba kisima akaweka pampu, na watu walikusanyika kuona maji yakipanda juu badala ya kushuka.

Machifu wengi walishangaa. Kwao kazi ya mikono ilikuwa ya wanawake na watumwa. Mtu mwenye elimu, anayekaribishwa mbele ya mfalme, anawezaje kujichafua kwa masizi? Hilo lilikuwa fundisho ambalo mahubiri peke yake yasingeweza kulitoa, na Mackay alilijua. Hata hivyo mfalme aliipenda mikono yake kuliko Kitabu chake. Mwaka 1882 mama yake Mutesa alipofariki, Mackay aliombwa kutengeneza jeneza. Likawa majeneza, moja ndani ya jingine, la nje kubwa mfano wa chumba, kwa shaba na mbao. Kazi hiyo ilimmaliza kwa majuma mengi ya usiku na mchana, na shukrani zilikuwa kidogo. Je, huo ulikuwa utume, au ulikuwa utumwa? Swali hilo lilimsumbua mwenyewe, na si rahisi kulijibu kwa niaba yake. Wakolosai 3 yaweza kusomwa hapa, mradi darasa likumbuke kwamba Paulo aliwaandikia watu waliokuwa watumwa kwelikweli.

Isidhaniwe alikuwa mtu asiye na kasoro. Mapadre wa Kikatoliki walipofika mwaka 1879, Mackay alibishana nao mbele ya mfalme na baraza lake, kwa maneno makali. Padre Lourdel naye hakuwa mpole. Mutesa aliwasikiliza Wazungu wawili wakiitana waongo, kila mmoja akishika Kristo yuleyule, akabaki hajui amwamini nani. Kweli ilistahili kutetewa, lakini mahali na namna havikufaa, na madhara yake Buganda iliyaona baadaye, wakati vyama vya dini viliposhikiana bunduki.

Mavuno yalikawia. Zaidi ya miaka mitatu ilipita bila mbatizwa hata mmoja. Kisha mwishoni mwa 1881 kijana mmoja aitwaye Sembera alituma barua. Alikuwa ameiandika mwenyewe kwa Kiganda, kwa kalamu ya unyasi na wino aliokamua katika mmea, akiomba abatizwe. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano walibatizwa. Sembera alichagua jina lake jipya: aliitwa Mackay. Miaka minne baadaye waongofu walikuwa wamefika mamia.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, kijana mwenye wasiwasi, akatawala. Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe walikuwa njiani kuelekea ziwani pamoja na vijana wao, kwa ruhusa ya mfalme, waliposhikwa na askari. Wazungu walirudishwa. Vijana watatu, Kakumba, Lugalama na Seruwanga, walihukumiwa. Mackay alikimbia huku na huku na zawadi mkononi akiomba waachiwe, hakusikilizwa. Tarehe 31 Januari walichomwa moto kando ya kinamasi karibu na Natete. Lugalama alikuwa bado mtoto.

Mackay alifanya nini baada ya hapo? Alirudi kwenye matbaa. Vitu viwili alivyofanya katika miezi ile vinastahili kujulikana katika kila kanisa. Kwanza, yeye na wenzake walichagua wazee kutoka miongoni mwa Waganda wenyewe, wakaunda baraza la kanisa, ili wamisionari wakiuawa au kufukuzwa kundi lisitawanyike. Ibada zikahamia katika nyumba za wazee hao, makundi madogo madogo, usiku. Pili, mateso yalipozidi aliwachapia waumini waraka mfupi kwa Kiganda, wa kuwatia moyo, wenye maneno kutoka Waraka wa Petro wa kwanza, ukapita mkono kwa mkono mafichoni. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi, Waprotestanti na Wakatoliki, walichomwa pamoja Namugongo. Wale waliokuwa wamegombana mbele ya mfalme sasa walikuwa na mashahidi katika moto mmoja. Na kanisa halikupungua. Watu walikuja kwa Mackay usiku, katikati ya hatari hiyo, wakiomba ubatizo.

Tunapozungumza juu ya uamsho tunafikiri makambi, vipaza sauti, na mhubiri mgeni. Uamsho wa Buganda ulikuja kwa kurasa zilizochapwa kwa mkono, wazee wa mtaa, na nyumba zenye milango iliyofungwa. Je, mhubiri akikosekana kwa robo mbili mfululizo, makundi yetu yangeendelea kukutana?

Julai 1887 Mwanga alimwondosha Mackay. Alifunga nyumba yake, akapanda mashua, akarudi kusini mwa Ziwa, akaanza upya mahali paitwapo Usambiro. Alikuwa na miaka 37 na tangu alipoondoka Ulaya hakuwa amerudi hata mara moja. Mwaka uliofuata Askofu Parker alifika Usambiro pamoja na wasaidizi, na mwezi Machi askofu akafariki. Mwingine naye, Blackburn, akafa. Kwa kipindi kirefu Mackay alibaki peke yake. Alifyatua matofali, akajenga nyumba na kiwanda. Alitengeneza mkokoteni mwenyewe na kukokota magogo kutoka mbali, kwa kuwa alikusudia kuunda mashua ya mvuke itakayounganisha makanisa ya pande zote za Ziwa. Usiku alitafsiri Injili kwa Kiganda. Wakristo waliokimbia Buganda baada ya mapinduzi ya 1888 walimfuata Usambiro, naye akawapokea, akawalisha, akawafundisha, na mchana wakafanya kazi pamoja.

Agosti 1889 Stanley alipita hapo akitoka safari ngumu ya kumtafuta Emin Pasha. Watu wake walikuwa wamechoka, wameungua jua na kudhoofika. Walikuta kituo chenye njia zilizofagiliwa, kiwanda kinachovuma, ng'ombe, vitabu ukutani, na mtu mfupi mwenye ndevu, mwenye macho ya buluu, amevaa nguo nyeupe safi. Walikaa kwake karibu majuma matatu. Barua ya Stanley ndiyo iliyomleta Mackay Afrika, na sasa Stanley alimshauri aondoke naye akapumzike Ulaya. Mackay alikataa, maana hapakuwa na mtu wa kumwachia kazi. Msafara ulipoondoka, aliusindikiza, akasimama akiwapungia mkono mpaka walipopotea machoni.

Tunajifunza utunzaji wa mwili kama hekalu la Roho, na hapo tunaweza kuuliza kama alikosea. Miaka 14 bila likizo, katika nchi ya homa, ni mzigo ambao kanisa halipaswi kumwachia mtu mmoja. Lawama hiyo, kama ipo, iwaangukie pia waliokaa mbali wakisoma barua zake za kuomba wasaidizi.

Mwanzoni mwa Februari 1890 homa ilimshika. Mwenzake pekee, Deekes, alikuwa mgonjwa naye, na alikuwa amefungasha tayari kuondoka, akabaki kumuuguza. Siku nne Mackay alikuwa akiweweseka. Usiku wa tarehe 8 alifariki, akiwa na miaka 40. Katika kituo hicho kilichojaa kazi za mikono yake hapakuwa na jeneza, naye yeye ndiye aliyekuwa mtengenezaji. Deekes alichukua mbao zilizokuwa zimepasuliwa kwa ajili ya mashua ya mvuke, wakamtengenezea jeneza kwa hizo. Wakamzika karibu na wenzake waliotangulia. Kaburini walisimama Wakristo wa Buganda na wenyeji wa Usambiro, wakaimba wimbo kwa Kiganda. Mwaka 1927 mifupa yake ilichukuliwa ikazikwa Namirembe, Kampala, ambako Wakristo waliojifunza kusoma kwa kurasa zake walikuwa tayari na wajukuu.